Safu ya Chanzo

Saa kumi na mbili na robo. Jua limebaki kidole kimoja
juu ya mlima, betri ziko asilimia sitini na nane.
Naandika kwa kalamu ya bluu. Nyekundu naichomeka sikioni.

Juu yetu zinapita nyaya za msongo mkubwa.
Minara imetanua miguu mashambani mwetu
kama mgeni aliyekataa kigoda.
Zinatoka mbali, zinakwenda mbali.
Mbuzi wa Mbukwa hulala kwenye kivuli chake,
na usiku ukitulia tunausikia umeme wa wenyewe
ukivuma, nyuki wa mzinga usio wetu.

"Nyinyi ni kisiwa, dada Sechelela,"
aliniambia mhandisi wa Dodoma siku ya ufunguzi.
"Mtakachovuna mchana ndicho mtakachokula usiku."
Kisiwa! Na maji ya karibu
yako chini ya ardhi mita themanini,
na pampu ya kuyapandisha inaningoja mimi.

Paneli mia na ishirini.
Alizeti za Nyemo, ng'ambo ya uzio,
hugeuza shingo kulifuata jua;
zangu zimekazwa bolti, zinatazama upande mmoja
kama mtu aliyenuna.
Agosti vumbi huzilalia, jekundu, laini kuliko unga.
Kuziosha nataka ndoo sita.
Ndoo sita, mbele ya wanawake waliopanga foleni tangu alfajiri!
Nikawaambia: maji haya yatarudi, yatakuwa taa.
Nyemo akacheka. "Taa hainyweki."
Siku hizi nazipangusa kwa kanga kuukuu, kavu,
nikijua nazichubua.

Mwaka wa kwanza tulikuwa taa na simu tu.
Sasa Chibago ana mashine ya kusaga,
Ndalu anauza barafu za ukwaju,
banda la mpira lina spika pana kuliko mlango wake,
na zahanati ina jokofu la chanjo
lisiloomba wala kulalamika, ndiyo maana nalikumbuka kwanza.
Uwezo wangu ni kilowati ishirini na sita.
Hamu yao sijaipatia kipimo.

Kanuni ni moja: jua likizama, mashine zinyamaze.

Juzi, saa mbili na dakika kumi,
taa zikageuka rangi ya chai.
Ishirini na nane. Thelathini na moja.
Banda la mpira likapiga yowe, na halikuwa la goli.
Nikakata laini ya tatu, iliyo na nyumba yangu,
nikamwacha mama gizani na tonge mkononi.
Haikutosha.
Nikachukua tochi na hasira, nikateremka kwa Chibago.
Ule mlio naujua.

Mlango ulikuwa wazi. Uwele unasagwa,
Chibago mweupe hadi kwenye kope,
na wanawake wanne wamekaa chini, kimya,
kanga zimekazwa viunoni.
Mmoja akaniinulia uso.
"Ni Mbukwa. Jioni hii, saa kumi na moja.
Ndugu zake wako njiani kutoka Kongwa,
na mle ndani hamna hata kibaba."

Mbukwa wa mbuzi.
Nilisimama pale, tochi ikiwaka bure.
Kisha nikapanda tena kituoni,
nikalikata banda la mpira, dakika ya themanini na moja.
Matusi yao bado nayakumbuka. Mengine yalitungwa vizuri.

Safu ya mwisho ya daftari inaitwa Chanzo.
Niliandika, kwa nyekundu: Msiba.

Mwisho wa mwezi mhandisi alikuja kukagua.
Akafika pale, akasita, akatoa kalamu yake mwenyewe.
"Hapa huwa tunaandika mzigo kuzidi."
Akalikata neno langu kwa mstari mmoja, kwa adabu,
likabaki linasomeka.

Sikubisha. Mzigo ulizidi, ni kweli.
Tuliubeba asubuhi yake, kwa zamu,
mpaka kwenye udongo.